Kaka Yangu Amepata Magurudumu Marefu, Mimi Nataka Matairi ya Nyasi

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu zangu. Nimezoea kusoma majibu yako kwa watu wenye matatizo ya ndoa, ya watoto na ya madeni, na huenda ukashangaa kwamba langu ni la matairi ya trekta. Lakini limetufanya mimi na kaka yangu tusalimiane kwa kutikisa vichwa tu kwa wiki mbili sasa, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Marehemu baba alituachia trekta dogo la nguvu farasi 30 hivi, ambalo magurudumu yake yote manne huvuta. Hakusema ni la nani kati yetu, kwa hiyo tunalitumia wote wawili. Mimi hulitumia kukata nyasi kwenye eneo kubwa la wazi na katikati ya mistari ya miti ya matunda. Kaka hulitumia kulimia, na pia kubebea samadi, mchanga na mawe kwa kijiko kilichofungwa mbele.

Matairi ya nyuma ni yale yale ya wakati wa baba. Kashata zake zimelika hadi kukaribia kuwa kipara, na mbavuni yana nyufa ambazo ukucha unaingia. Ya mbele tuliyabadilisha mwaka jana, tukanunua ya kampuni nyingine lakini yenye namba zile zile zilizokuwa zimeandikwa kwenye ya zamani. Tangu hapo trekta limekuwa na tabia mpya: nikiunganisha uvutaji wa magurudumu ya mbele kisha nikakata kona kwenye uwanja wa zege, linakuwa zito na kurukaruka, na ule wenzo haukubali kutoka mpaka nirudi nyuma kidogo. Fundi wetu anasema giaboksi imeanza kuchoka.

Mwezi uliopita kaka alipata magurudumu mawili ya nyuma, ringi na matairi yake, kutoka kwenye trekta kubwa zaidi linalouzwa vipande vipande. Ni marefu, kashata zake bado ni nene, na bei yake ni nafuu mno. Alitanguliza sehemu ya malipo bila kuniuliza. Anasema ringi hizo zina matundu manane kama zetu, na kwamba trekta likiinuka litapita kwenye matope ambayo sasa linazama. Mimi nilikuwa nataka matairi ya nyasi, yale yenye kashata fupi zilizosambaa, kwa sababu kila nikikata nyasi baada ya mvua naacha makovu yanayokaa wiki kadhaa. Kaka anasema matairi ya namna hiyo ni ya kuchezea.

Kuna jambo moja zaidi. Baba alikuwa amejaza maji ya chumvi ya kalisi ndani ya matairi ya nyuma ili trekta liwe zito, na ringi ya kushoto sasa imeliwa na kutu kuzunguka tundu la nozeli. Fundi anasema anaweza kuchomelea kiraka bila hata kuvua tairi, kazi ya nusu saa.

Je, tununue matairi gani? Na nitamwambiaje kaka kwamba sikubaliani naye bila yeye kuona kwamba namdharau? Yeye ndiye mkubwa, na yeye ndiye aliyefundishwa na baba kuliendesha. Muuzaji atayashikilia magurudumu yale mpaka mwisho wa mwezi.

Wako,
Mwenye Nusu ya Trekta

JIBU

Ndugu yangu mpendwa,

Asante kwa barua iliyoandikwa kwa uangalifu, na pole kwa ukimya uliowaingilia wewe na kaka yako. Kabla ya jambo lingine lolote, naomba umzuie fundi wako asichomelee ringi hiyo ikiwa imevaa tairi. Ringi ikipata joto kali tairi likiwa bado limo, hata kama upepo umetolewa, mpira wa ndani unaweza kuungua na kutoa gesi, na tairi likapasuka kwa nguvu ya kuua mtu. Tairi lazima livuliwe kwanza. Katika mambo yote uliyoniandikia, hili ndilo pekee ambalo nitasema kwa sauti ya amri. Mengine yote ni yenu wawili kuyapima.

Sasa nikusimulie tatizo lako kama nilivyolielewa. Mna trekta moja na kazi mbili zisizofanana. Matairi ya nyuma yamekwisha, ya mbele ni mapya, ringi moja inaoza. Kaka yako ameshaona jawabu lake, nawe umeshaona lako, na kila jawabu linamfaa zaidi yule aliyeliona. Unaniuliza nichague kati ya haya mawili. Nasita, kwa sababu naona nyote wawili mnazungumzia matairi ya nyuma peke yake, na katika trekta la aina yenu hakuna matairi ya nyuma peke yake.

Acha nieleze. Ukiunganisha uvutaji wa mbele, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja kwa gia, na katikati yake hakuna difu ya kusawazisha mwendo kama ilivyo kwenye baadhi ya magari. Nyuma ikizunguka mara kadhaa, mbele hulazimika kuzunguka idadi yake iliyopangwa kiwandani, hata kama matairi uliyofunga ni makubwa au madogo. Watengenezaji hupanga magurudumu ya mbele yatangulie kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 5, ili yavute trekta badala ya kuburutwa. Yakitangulia kupita kiasi, ekseli mbili huanza kushindana. Juu ya udongo laini mashindano hayo huishia kwenye utelezi mdogo ambao huuoni. Juu ya zege hayana pa kutokea, hivyo nguvu hujifunga ndani ya gia, trekta hurukaruka, na wenzo hukataa kutoka mpaka urudi nyuma na kulegeza ule mkazo.

Umeona ninakoelekea. Huenda giaboksi yako haijachoka. Uliweka matairi mapya mbele, nyuma ukaacha yaliyolika, na dalili zikaanza siku zile zile. Kashata ikilika milimita 19, mzingo wa tairi hupungua karibu sentimita 12, na hiyo si tofauti ndogo. Tena namba kufanana si uthibitisho, kwa kuwa matairi ya kampuni mbili yenye namba ile ile huweza kutofautiana mzingo yanapobingirika chini ya mzigo. Simlaumu fundi wako, kwa sababu trekta lililojifunga namna hii husikika kweli kama lenye giaboksi mbovu, na kadiri linavyoendelea kufanyishwa kazi hivyo ndivyo linavyoweza kuipata hiyo giaboksi mbovu. Kwa sasa, usiunganishe uvutaji wa mbele juu ya zege wala barabara ngumu. Hata matairi yangekuwa sahihi kabisa, sheria hiyo ingebaki.

Dhana ya kaka yako nayo inahitaji kuulizwa kwa upole. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba matairi yenu ya mbele yana mzingo wa mita 2.00, ya nyuma yalipokuwa mapya yalikuwa na mita 3.20, na gia huzungusha mbele mara 16.4 kila nyuma inapozunguka mara 10. Kwa matairi mapya, magurudumu ya mbele yangehitaji mizunguko 16 tu kuumaliza mwendo huo, kwa hiyo yalitangulia kwa asilimia 2.5, sawasawa na inavyotakiwa. Nyuma ikilika hadi mita 3.08, mbele inahitaji mizunguko 15.4 lakini inalazimishwa kwenda 16.4, kutangulia kumepanda hadi asilimia 6.5, na hapo ndipo trekta linapoanza kurukaruka. Sasa mfungie magurudumu marefu ya kaka, yenye mita 3.40. Mbele inahitaji mizunguko 17 na inapewa 16.4. Magurudumu ya mbele yamebaki nyuma kwa zaidi ya asilimia 3, yamegeuka breki, na ya nyuma yanayasukuma. Kaka yako atakuwa amenunua kashata nzuri za nyuma na kupoteza mvuto wa mbele, pale pale kwenye matope aliyotaka kuyavuka.

Lakini angalia vizuri: huo ni mfano wangu, si trekta lenu. Ikiwa magurudumu yale ni marefu kidogo tu kuliko yenu yalipokuwa mapya, huenda yakaangukia ndani ya kipimo, na kaka akawa ameokota bahati. Kwa kutazama tu hakuna awezaye kujua, si yeye, si wewe, wala mimi niliyekaa hapa na karatasi.

Kipimo chenyewe ni chaki na subira. Jazeni upepo sawa pande zote mbili za kila ekseli. Chora mstari kwenye tairi moja la nyuma na moja la mbele, tafuteni ardhi iliyonyooka, ngumu lakini yenye changarawe juu yake, kisha mmoja aendeshe polepole bila kuunganisha uvutaji wa mbele mpaka gurudumu la nyuma lizunguke mara 10 kamili. Mwingine atembee kando na kuhesabu mizunguko ya mbele pamoja na kipande cha mwisho. Rudieni mkiwa mmeunganisha. Gawanya hesabu ya pili kwa ya kwanza. Kilichozidi 1 ndicho kiasi cha kutangulia. Ile hesabu ya pili ni ya gia na haibadiliki, kwa hiyo mkishaijua mnaweza kupigia hesabu tairi lolote mtakalofikiria kulinunua, alimradi mjue mzingo wake wa kubingirika, ambao watengenezaji wa matairi huuorodhesha. Ya kaka, kwa kuwa yametumika, yapimeni kwa kuyabingirisha mzunguko mmoja kwenye mahali tambarare. Yatatoa namba iliyo juu kidogo kuliko yakiwa yamebeba trekta, lakini itatosha kuwaonyesha kama tofauti ni ndogo au ni kubwa mno.

Kuhusu ringi, matundu manane kulingana na manane hayatoshi. Duara linalopita katikati ya matundu lazima liwe na kipenyo kile kile, tundu kubwa la katikati likae barabara kwenye habu, na viti vya nati vifanane, maana nati yenye mdomo wa pia haishiki vizuri kwenye tundu lililotengenezewa nati bapa. Halafu kuna sahani ya katikati ya ringi. Ikiwa imezama ndani zaidi au kutokeza nje zaidi kuliko yenu, gurudumu litagusa bawa la tope, au litasimama mbali mno na kuongeza mzigo kwenye beringi za ekseli. Nati zilizoingia kwa bahati hulegea, na gurudumu linalochomoka mteremkoni halimpi mtu nafasi ya kujuta. Yakipita vipimo vyote hivyo, kaka akumbuke pia kwamba gurudumu refu ni kama kupanda gia moja: trekta litakimbia zaidi lakini nguvu yake ya kuvuta itapungua, na uzito wake utakuwa juu zaidi kwenye miteremko. Kuinua na mbele ili kuwe na ulinganifu kunawezekana kwa nadharia, ila mbele nafasi ni finyu. Geuza usukani hadi mwisho huku ekseli imeinama upande mmoja, nawe utaona jinsi tairi linavyokaribia fremu ya kijiko.

Nije kwako sasa, maana nimemuuliza kaka maswali mengi na wewe nimekuacha. Matairi ya nyasi, yanayoandikwa R-3, ni mapana, kashata zake ni fupi, na kwa hakika huacha nyasi zikiwa salama. Sikubali kwamba ni ya kuchezea. Lakini yakiingia kwenye shamba lenye matope hujaa udongo na kuteleza, na unapaswa kuuliza uwezo wake wa kubeba mzigo, kwa kuwa kijiko kilichojaa mawe huyaangushia matairi ya mbele uzito ambao wewe, unapokata nyasi, huuoni kamwe. Nakuuliza pia: je, makovu hayo yanatokana na kashata peke yake? Matairi ya nyuma yamejaa maji ya chumvi, na mbele yanatangulia kuliko inavyotakiwa. Ukikata kona juu ya nyasi zilizolowa uvutaji wa mbele ukiwa umeunganishwa, hata tairi la upole litachuna. Jaribu wiki hizi kukata nyasi bila kuuunganisha, na usubiri ardhi ikauke kidogo, uone ni kiasi gani cha lawama kinabaki kwa tairi.

Katikati yenu kuna matairi ya R-4, ambayo asili yake ni mashine za ujenzi. Ubavu wake ni mgumu, tabaka zake ni nyingi, na watu wenye vijiko vya mbele huyapenda kwa sababu hiyo. Nyasi huziumiza kidogo kuliko R-1 ya kulimia. Kwenye tope zito hayafui dafu mbele ya R-1, na mtu anayelima sana atalalamika. Nakutahadharisha juu ya jambo moja ambalo huwashtua wanunuzi: kuhama kutoka R-1 kwenda R-4 au R-3 mara nyingi ni kuhama na ringi zote nne. Soma namba zenu. Tairi lililoandikwa 11.2-24 lina upana wa inchi 11.2 na linakaa kwenye ringi ya inchi 24, lililoandikwa 15-19.5 linataka ringi ya inchi 19.5. Hayabadilishani. Kitabu cha trekta huorodhesha jozi za mbele na nyuma zilizokubaliwa kwa kila aina. Kama kitabu cha baba kimepotea, muuzaji wa vipuri vya trekta lenu anaweza kuitafuta orodha hiyo kwa namba ya modeli, na mimi ningeanzia hapo kabla ya kuanza kupenda tairi lolote.

Kuna wanaoweka seti mbili, moja ya shamba na moja ya nyasi. Kwa kazi zenu wazo hilo lina mvuto, kila mmoja apate lake. Ila kila seti lazima iwe na magurudumu manne yanayolingana, na kubadilisha gurudumu la nyuma lililojaa maji ni kazi ya watu wawili na jeki imara, kwa kuwa linaweza kuwa na uzito wa mamia ya kilo. Watu wasiosemezana wasijaribu. Njia ya kawaida kuliko zote ni kununua matairi mawili ya nyuma ya R-1 ya namba zile zile na kurekebisha ringi moja. Haimfurahishi yeyote kati yenu kikamilifu, ingawa inaweza kuwa rahisi kuliko zote, na inaweza kuondoa ule mrukaruko kwenye zege ikiwa matairi ya mbele mliyoyanunua yana mzingo unaofaa.

Ringi iliyooza itazamwe tairi likiwa limevuliwa na kutu imesuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Kutu iliyo pembeni mwa tundu la nozeli tu hukatwa, ikawekwa kipande kipya na fundi anayejua, kisha ikapakwa rangi. Ikifika kwenye kingo ambapo tairi hukalia, au kwenye matundu ya nati, ringi hiyo imemaliza kazi. Kama mtarudisha maji ndani, fikirieni mpira wa ndani mzima au kimiminika kisichokula chuma, na msipite robo tatu ya tairi. Wakati wa kufunga, mshale ulio ubavuni mwa tairi uelekee upande wa kwenda mbele, na msilazimishe tairi likae kwa kulijaza upepo kupita kiwango kilichoandikwa juu yake. Mengi huonya mtu asizidishe psi 35. Kazeni nati tena baada ya saa chache za kazi.

Nimebakiza kaka yako. Unaogopa kwamba kukataa magurudumu yake ni kumdharau. Naelewa hofu hiyo, lakini najiuliza kama ni lazima uyakatae. Ukimwendea na neno "hapana", mtabishana juu ya nani alifundishwa na baba. Ukimwendea na chaki na kumwomba mhesabu pamoja kabla ya mwisho wa mwezi, unampa nafasi ya kuona mwenyewe, na wewe pia unajiweka tayari kuona kwamba labda alikuwa sahihi. Uko tayari kwa hilo? Jiulize kwa dhati. Kutanguliza malipo bila kukuuliza kulikuwa kosa, na una haki ya kumwambia hivyo, ila lisemeni siku tofauti na siku ya kupima. Pia andikeni kwa mwezi mmoja ni saa ngapi trekta limekata nyasi, limelima na limebeba. Mara nyingi watu wawili wanaotumia chombo kimoja huwa na picha mbili tofauti za kazi kinayofanya, na sina hakika kwamba picha yako ndiyo sahihi zaidi kuliko yake.

Mkishahesabu, niandikie namba zote mbili, ya kabla ya kuunganisha na ya baada, na uniambie pia ni nani kati yenu aliyeshika usukani.

Wako katika kutafakari,
Mshauri